Saini Tisa kwa Mafua ya Balozi

Jumatatu, 6 Mei

Balozi ana mafua. Nimegundua mimi, kabla ya mtu mwingine yeyote, na naandika hapa ili ijulikane.

Balozi ni sungura wa mpwa wangu. Mweupe, masikio marefu, huketi kama mtu anayengoja kupewa nafasi ya kuhutubia. Leo asubuhi alipiga chafya saba mfululizo. Pua inachuruzika. Manyoya ya miguu ya mbele yameganda kwa kujipangusa kamasi. Nikatamka palepale: mafua. Mpwa wangu, ambaye ana miaka kumi na moja na zamani alikuwa na akili, akaniambia asante mjomba, kisha akatoka mbio kwenda nyumba ya tatu kumwita Baba Mdogo.

Baba Mdogo ni mdogo wa shemeji yangu. Shemeji mwenyewe anaendesha malori, nyumbani anaonekana kwa nadra, basi huyu mdogo wake anaingia humu bila hata kubisha hodi sawasawa. Anafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama. Anashika mbwa wakati daktari anawadunga sindano. Ndiyo kazi yenyewe: kushika. Lakini amepewa koti la kijani lenye mifuko minne, na mtoto humtazama kama ameshuka kutoka mwezini.

Kabla ya koti lile, mtu wa wanyama humu ndani nilikuwa mimi. Nimekaa kwa dada yangu miaka minne (nilikuja kwa wiki moja) na kila jioni mtoto alikuwa akidai kisa cha twiga niliyemponya kikohozi, nilipokuwa mlinzi wa bustani ya wanyama. Nilikuwa nakata tiketi, sawa, lakini bustani isiyo na tiketi inalindwa na nani? Nilimnywesha twiga dawa nikiwa juu ya ngazi mbili zilizofungwa kamba. Shingo ile, dawa ilichukua siku tatu kufika kifuani. Mtoto alikuwa akiuliza: halafu, mjomba? Leo "halafu" zote alimuuliza Baba Mdogo.

Baba Mdogo akamtazama Balozi puani, akasema kwa sauti ya chini kwamba aonwe na daktari kesho. Mimi ningeweza kusema hivyo hata nikiwa nimefumba macho.

Jumanne, 7 Mei

Kliniki. Nilikwenda kumsimamia mtoto. Hakuna aliyeniomba.

Daktari ni mama mfupi mwenye miwani, haongei sana. Alimsikiliza Balozi kifuani, akamwangalia macho na meno. Akaeleza kwamba sungura hupumua kwa pua peke yake, mdomo hajui kuutumia kwa kazi hiyo, kwa hiyo pua ikiziba sana ni hatari. Akauliza kuhusu tundu lake. Mpwa wangu akasema mjomba ndiye hutandika maranda ya mbao. Daktari akasema vumbi lake linachoma pua, na mkojo ukikaa humo unachoma zaidi. Kuanzia leo ni nyasi kavu safi, kila siku.  Baba Mdogo alikohoa kidogo tu. Nilikijua kikohozi kile.

Ili kurudisha heshima, nilitoa mfukoni vidonge vyangu vya kifua vya mwaka juzi, vile vya rangi mbili, nikamshauri Daktari tumpe nusu. Akavua miwani. Akasema kidonge hicho kikipita mdomoni mwa sungura kinaua vijidudu vizuri vya tumboni, na sungura mwenyewe hufuata. Nikasema nilikuwa namjaribu. Akasema amefurahi kufaulu.

Dawa yenyewe ni ya maji, rangi ya waridi. Asubuhi na jioni, siku kumi na nne, hata akionekana amepona. Inatolewa kwa bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, polepole. Baba Mdogo akatoa dozi ya kwanza, ya jioni. Daktari akampa mtoto karatasi yenye mistari: tarehe, saa, aliyetoa dawa, saini. Kliniki ile haimwamini mtu bila saini.

Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa jokofu. Mstari wa kwanza una saini ya Baba Mdogo. Ina mkia mrefu, kama mtu aliyesoma. Sikuweza kunywa maji kwa amani.

Jumatano, 8 Mei

Asubuhi Baba Mdogo alipita kabla ya kazi. Akamfunga Balozi kwenye taulo, kichwa nje, kama mtoto mchanga anayetoka kuoga. Bomba pembeni mwa mdomo. Balozi akameza kama aliyeonjeshwa asali. Mpwa wangu akapiga makofi. Saini ya pili.

Nilikaa mchana kutwa nikiitazama karatasi ile. Mistari ishirini na minane. Nikafikiri, mtu ataingia jikoni, atasoma, atasema nyumba hii ina mwanamume mmoja.

Jioni nikamtangulia. Nikajifungia na Balozi kwenye chumba cha kufulia. Nilimwambia mtoto kwamba mgonjwa anahitaji faragha. Nikamfunga taulo. Akatokea upande wa pili. Nikamfunga tena, nikagundua nimefunga mkono wangu. Nilipominya bomba, alitikisa kichwa na dawa yote ikaingia kwenye mkono wa koti langu la kahawia. Yote, naandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Lakini dawa ilikuwa imetoka kwenye chupa. Na mimi ndiye niliyeitoa. Karatasi inasema "aliyetoa dawa". Nikasaini. Saini yangu ina mikia miwili.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeamka kabla ya jogoo wa jirani. Baba Mdogo alipofika na koti lake, tayari nilikuwa nimesaini. Balozi alikuwa ametema kwenye kola ya koti langu. Baba Mdogo akasoma karatasi, akanishika bega, akasema kazi nzuri shemeji, umenipumzisha. Kwa moyo kabisa. Afadhali angenitukana.

Jioni niliiweka dawa kwenye bakuli la majani. Balozi akalipindua bakuli. Nikasaini.

Mpwa wangu kasema, "Mjomba, kumbe unaweza." Hilo "kumbe" nimelisamehe.

Ijumaa, 10 Mei

Mbili tena. Ya asubuhi mkono wa kushoto wa koti, ya jioni mkono wa kulia. Nadhani tone moja lilipita, maana alilamba midomo. Dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na macho yake huona uzi uliokatika kutoka ng'ambo ya barabara, akaniuliza koti limefanya nini. Nikasema ni wino. Akauliza tangu lini mimi naandika. Nikatoka nje, kwa usalama wa daftari hili.

Baba Mdogo hana saini mpya tangu Jumatano. Nimemwona akisimama mbele ya jokofu mikono mfukoni, mifuko yote minne haina kazi. Nimekula vizuri leo.

Jumamosi, 11 Mei

Saini saba kwa mbili.

Balozi alipiga chafya nyingi mchana. Nikamweleza mtoto kwamba ugonjwa unapotoka hupiga kelele mlangoni, hata twiga alifanya hivyo. Alinitazama muda mrefu. Zamani hakuwa akinitazama hivyo kwenye habari za twiga.

Jumapili, 12 Mei

Tisa kwa mbili. Sina furaha niliyoitarajia.

Balozi hajagusa nyasi tangu asubuhi. Karoti iko palepale, imeanza kujikunja. Choo chake ni vipunje vitatu. Anavuta pumzi na kichwa amekiinua juu, na puani mna sauti kama ya karatasi. Mpwa wangu ameketi karibu na tundu, naye hajala. Dada yangu alimbembeleza, hakufungua mdomo. Baba Mdogo akasema sungura asipokula siku nzima hilo si jambo la kungoja, alfajiri twende. Kisha akakaa sakafuni na mtoto.

Mimi nilisimama mlangoni. Hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Jumatatu, 13 Mei

Naandika polepole.

Daktari alimsikiliza Balozi, mbele, nyuma, mbele tena. Akaomba karatasi. Akaisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Akasema hajapata kuona familia iliyofuata dozi namna hii, hakuna hata mstari mmoja mtupu. Nilikaa wima.

Halafu akasema: basi dawa imeshindwa. Kama sungura amepewa dozi kumi na moja kamili na hali ndiyo hii, vijidudu hivi ni sugu. Itabidi alazwe usingizi, achukuliwe kipimo cha ndani ya pua, kisha aanzishwe sindano kali. Mpwa wangu akauliza kama Balozi ataamka. Daktari hakumdanganya. Akasema kwa kifua kile, kumlaza usingizi ni hatari, wengine hawaamki, lakini kuendelea na dawa isiyofanya kazi ni kumwacha afe taratibu.

Baba Mdogo akawa mwekundu masikioni. Akasema labda kosa ni lake, labda siku ya kwanza alipima vibaya, labda chupa aliiacha kwenye joto. Mpwa wangu akageuka akamtazama. Jicho lile nalijua, ni lile alilonipa mimi Jumamosi. Na sasa amelipata Baba Mdogo.

Moyo wangu uliruka. Siandiki uongo. Uliruka kwa furaha, kama wa mtu aliyeitwa jina lake mkutanoni. Wiki nzima nililitafuta jambo hili na hili hapa, limeletwa mezani.

Ndipo mtoto akanishika mkono, huohuo wa koti. Akasema, "Si kosa lako, mjomba. Wewe ulimpa nyingi kuliko wote."

Sijui kilichonipata. Mkono wake ulikuwa na baridi. Balozi alikuwa mezani anavuta hewa kwa shida, na Daktari alikwishaanza kuandaa dawa ya usingizi. Nikasema, ngoja. Nikasema kuna sehemu ndogo ya dawa ambayo huenda ilipita kwenye nguo na kwenye bakuli.

Daktari akauliza ndogo kiasi gani.

Nikasema tisa.

 Nikavua koti, nikaliweka mezani. Daktari akaligeuza mkono huu, mkono ule, kola, akalisoma kama kadi ya mgonjwa. Waridi juu ya waridi. Akauliza kama kuna hata moja iliyoingia mdomoni. Nikasema tone la Ijumaa, kwa kukisia. Akaweka chini dawa ya usingizi. Akasema basi dawa haijashindwa. Haijaanza.

Hakuna kulazwa usingizi. Ni dawa ileile, ila sasa iingie ndani ya sungura. Na siku mbili za mashine ya mvuke wa dawa pale kliniki, na chakula laini kwa bomba mpaka tumbo lianze kazi. Akaniambia, bila ukali, kwamba kama ningenyamaza dakika tano zaidi, huenda angemuua mnyama kwa sababu ya mwandiko wangu.

Njia nzima ya kurudi mpwa wangu alitembea mbele yangu hatua kumi.

Jumanne, 14 Mei

Hakuna anayesema nami. Dada yangu kanipa uji wa chumvi bila kuuliza. Koti limelowekwa, maji ni ya waridi. Jokofu lina karatasi mpya. Juu yake mtoto ameandika kwa kalamu nene: MJOMBA ASIGUSE.

Jumatano, 15 Mei

Balozi amerudi. Baba Mdogo anatoa dozi, mtoto anashika taulo. Mimi nabadilisha nyasi. Hakuna mstari wa kusaini nyasi, nimeuliza.

Ijumaa, 17 Mei

Amekula. Majani mawili, kisha la tatu akaninyang'anya mkononi. Chafya moja tu tangu asubuhi. Vipunje vya choo nimehesabu mpaka arobaini nikaacha, macho yalikuwa yanamwaga machozi kwa sababu ya nyasi.

Jumapili, 19 Mei

Siku kubwa. Tulikuwa jikoni sote. Baba Mdogo alikuwa akipima dawa, amenyoosha mgongo ndani ya koti lake la kijani, akimweleza dada yangu jinsi mvuke unavyolegeza kamasi. Mpwa wangu akamkatiza. Akasema dawa ni dawa, lakini aliyemwokoa Balozi ni mjomba, kwa sababu alisema ukweli mbele ya watu wote, na yeye hajawahi kumwona mtu mzima akifanya hivyo. Akaja akaniegemea. Mbele ya mifuko minne.

Nilimtazama Baba Mdogo usoni.  Alijaribu, maskini. Alisema hata yeye angekiri kama angekuwa na kosa. Dada yangu akamwuliza, lipi? Akafikiri. Akakosa.

Hapo nikaelewa kila kitu. Mtu yule hana hata kosa moja la kukiri. Siku zote anafika kwa wakati, anapima sawasawa, anaosha mikono. Hana akiba. Mimi ninayo ya miaka hamsini na mmoja, na nyingine nina uwezo wa kuitengeneza wiki hii hii.

Kesho, wakati wa chakula cha mchana, sote tukiwa mezani, nitakiri kuhusu twiga. Jumanne nitakiri nani aliyevunja mkasi mkubwa wa dada. Kwa Jumatano sina kitu bado. Lakini nimeona Baba Mdogo ameliacha koti lake la kijani limetundikwa nyuma ya mlango, na pasi bado ina moto.