Kuhusu Mwanao Kholood Kuniweka Mkiani

Kwa Dada yangu Mkubwa,
Bi Zeyana binti Majid,
Pangani.

Dada, shikamoo.

Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji. Sisi huku Bagamoyo hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye mwanao Kholood ameniweka mkiani mbele ya watu. Sikutaka kulisema kwa simu, maana kwa simu unacheka. Naandika kwa heshima zote kuomba umkanye, kwa sababu zifuatazo:

1. Mwezi uliopita Kholood alikuja na wenzake wa chuo kikuu kupima presha za watu wazima wa mtaa wetu. Alipita dukani, akaniamkia vizuri, akaniomba niwashawishi watu wajitokeze, kwa kuwa mshona kanzu husikilizwa. Nikakubali. Siku ya kupima nilikuwa wa kwanza kukunja mkono wa kanzu pale zahanati. Walinipima mara tatu, nikaona wanatazamana. Mashine ilisema 190. Mimi nilidhani nimeshinda.

2. Ijumaa, baada ya swala, wakabandika mchoro ukutani. Haukuwa na majina, nakiri. Ulikuwa na nukta, moja kwa kila mtu, zimepangwa zikafanya kilima: katikati zimerundikana, pembeni zinapungua, na kule mwisho kabisa wa kulia nukta moja peke yake, kama mtu aliyeachwa na gari. Kholood akawaeleza watu kwamba sehemu ile nyembamba huitwa mkia. Dada, unajua mtoto wa Mzee Majid hajawahi kushika mkia tangu madrasa. Nilijitambua mara moja. Twalib, mwenye duka la vyombo jirani yangu, naye alinitambua, akatabasamu.

3. Nilipomvuta pembeni anieleze, akatolea mfano duka langu. "Mjomba," aliniambia, "wewe mwenyewe unashona kanzu nyingi za kati, na chache ndefu mno au fupi mno. Ndivyo maumbile yalivyo." Akaendelea kwamba kilima cha namna hiyo hutokea ukipima urefu wa samaki wa rika moja, uzito wa watoto wanapozaliwa, hata makosa madogo madogo ya mtu anayepima kitu kilekile mara mia. Kwa hiyo nimewekwa fungu moja na samaki na makosa. Nami kwa miaka thelathini na moja nimewashonea watu wa kila kimo, na sijamwambia mteja hata mmoja kwamba yuko mkiani. Humwambia tu kuwa kitambaa kitaongezeka kidogo.

4. Akanitaka niende hospitali siku ileile nikaanze dawa. Nikamuuliza kama dawa hiyo humtoa mtu mkiani. Akasema ndiyo, humrudisha kuelekea katikati. Nikaenda nyumbani nikafikiri. Ikiwa tatizo ni upweke wa nukta, ipo njia yenye heshima zaidi kuliko vidonge. Kwa nini niende mimi katikati? Waje wenzangu mkiani.

5. Hapa naomba usinikatize. Wapimaji walikuwa warudi Jumatano kuwapima waliobaki. Nikazungumza na wanaume kumi na wawili, akiwamo Twalib na Khamis muuza kahawa, nikawaeleza kwamba hili ni suala la ujirani. Tukakubaliana kila mmoja aje mbio kutoka ufukweni hadi zahanati, akifika tu atoe mkono apimwe. Khamis aliongeza vikombe sita vya kahawa yake mwenyewe. Mpango ukafaulu. Mchoro mpya ulikuwa na vilima viwili, kikubwa na kidogo, na nukta yangu ikapata majirani. Kholood akazihesabu nukta zake. Akasema vilima viwili mara nyingi humwonyesha mtafiti kuwa amechanganya makundi mawili, kama anayepima samaki wa mwaka huu pamoja na wa mwaka jana. Akauliza kundi la pili ni la nani. Khamis, ambaye bado alikuwa anahema, akaninyooshea kidole, akajibu kwamba ni marafiki wa Mundhir.

6. Badala ya kushukuru, aliwakalisha wote kumi na wawili kwenye benchi nusu saa, kimya, kisha akawapima upya. Kilima changu kikayeyuka. Mmoja mmoja wakarudi katikati, kama wageni wanaoaga kabla ya chakula. Aliyebaki ni Twalib tu, akaitwa ndani, mlango ukafungwa. Nina hakika alikuwa ananichongea.

Basi, dada, naomba umwamuru mwanao mambo matatu. Neno "mkia" lifutwe, paitwe "mbele". Pili, kila mtu mwenye umri wangu awekwe katikati kwa kuzaliwa. Tatu, kama elimu yao haiwezi kusimama bila mkia, waupeleke Chalinze, ambako watu wamezoea kukaa pembeni mwa barabara.

Nisalimie shemeji, Mwanabaraka na wanawe, na majirani wote wanaonikumbuka kwa wema. Wasionikumbuka kwa wema usiwasomee barua hii.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki bila wa kumshitakia ila wewe,
Mundhir bin Majid

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha. Ameingia dukani Ashatu, mke wa Twalib, nikadhani amekuja kugombana. Akakaa, akalia. Kumbe Twalib, hata baada ya ile nusu saa, presha yake ilikuwa juu kuliko yangu. Miezi mitatu kichwa kinamuuma na anasingizia miwani. Mkewe kamsihi akapime, hataki. "Usingemkimbiza wewe, Mundhir, ningekuja kuitwa dukani nimkute chini," aliniambia. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Sikuweza kumweleza kwa nini nilimkimbiza.

Nimefunga duka. Nakuandikia haya nikiwa kwenye foleni ya hospitali, na Twalib, aliyekuja kuchukua dawa zake, amekaa karibu yangu. Usimkanye mtoto. Nawe ukiisoma barua hii usipike kwanza, nenda ukapime, maana damu yetu ni moja.