Koti la Mkurugenzi na Buibui wa Bondeni

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Kutambua Viumbe Vipya inautangazia umma kwamba buibui wa bondeni ameruhusiwa rasmi kuwepo. Ruhusa ilianza Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Siku zote alizowahi kuwepo kabla ya hapo, na mtaalamu wetu anakisia ni miaka milioni tatu hivi, alikuwepo kinyume cha utaratibu. Kamati imekaa, imetafakari, imemsamehe.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati hiyo. Nimeona nieleze ilivyokuwa, maana huko mitaani watu wanaongea ovyo. Wanasema ofisi yetu imefungwa na buibui. Si kweli hata kidogo. Ofisi imefungwa na Kanuni ya Saba. Buibui amekaa tu.

Ilianza na Bi Buti. Huyu ni mlinzi wa msitu wa bondeni, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na jina kalipata kwa viatu vyake vya mpira ambavyo havui hata akija mjini. Asubuhi moja aliingia ofisini kwangu, nyuma yake nyayo za tope kuanzia getini, akaniwekea mezani chupa ya jamu iliyofunikwa karatasi yenye vitobo.

"Habari za kazi, Katibu."

"Nzuri, mama. Nini hicho?"

"Mgeni. Yaani mgeni kwenu. Mimi naye tunajuana."

Ndani alikuwemo buibui mdogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho, kijani kama jani lililochipua jana, na mstari wa njano mgongoni utadhani kachorwa na mtu mwenye nafasi.

"Yuko pale kijitoni tu," akasema Bi Buti. "Msitu wote nimeupekua, kwingine hayupo. Na mwisho wa mwezi si ndio mnaleta tingatinga?"

Hapo nifafanue. Mkurugenzi wetu aliamua miti ya bondeni ikatwe ili pajengwe Jumba la Mikutano ya Kulinda Misitu. Kuna waliolalamika. Lakini jamani, mkutano utaufanyia mitini? Nyani si watakula ajenda? Kikwazo kilikuwa kimoja tu, Kanuni ya Saba, inayosema makazi ya kiumbe kipya yatafungwa kwa miaka saba, hatua mia tatu kila upande, na asiingie mtu isipokuwa mlinzi. Kanuni hiyo aliitunga Mkurugenzi mwenyewe, wiki ile tuliyokuwa tunatarajia wageni wafadhili.

"Mkimtambua huyu kabla ya tingatinga, bonde linapona," akasema Bi Buti. "Msipomtambua, mimi nitabaki kulinda visiki."

Nikamwita mpwa wangu. Huyu ni mtoto wa dada yangu, kasomea buibui miaka sita ng'ambo, na aliporudi tulimpa nafasi inayolingana na elimu yake: kuhesabu viti. Alipoichungulia ile chupa, daftari la viti likamponyoka.

"Mjomba!"

"Katibu," nikamrekebisha.

"Mjomba Katibu, huyu hayumo kwenye kitabu chochote!"

"Basi tumjazie fomu. Jina kamili?"

"Bado hana."

"Kazi?"

"Kusuka utando."

"Amejiajiri," nikaandika. "Hali ya ndoa?"

Mpwa wangu akamtazama tumbo kwa lenzi. "Ana mimba. Na wa ukoo huu, shughuli ikiisha, wanamla mume."

"Mjane," nikaandika. "Tabia na mwenendo?"

Hilo akalijibu Bi Buti, maana ndiye anayeishi naye. "Ana ujanja huyu. Anaokota takataka, majani makavu, mabawa ya nzi, anajitengenezea sanamu yake, kubwa kumshinda. Anaitundika katikati ya utando. Ukipita unasema, aa, buibui yupo. Kumbe mwenyewe kajibanza pembeni, hana habari na wewe."

Mpwa wangu akaangalia dari akiuma midomo. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nikaandika, "mwenendo mzuri."

Ikabaki saini ya Mkurugenzi tu.

Ofisi ya Mkurugenzi iko mwisho wa korido. Mlango uko wazi, feni inazunguka, na koti lake la kijivu limevalishwa mgongo wa kiti. Kwa asiyejua utumishi, niseme hivi: koti likiwa kitini, mwenye koti yupo. Ameinuka kidogo tu. Mkurugenzi wetu aliinuka kidogo tangu mvua za kwanza.

"Mkurugenzi yupo?" akauliza Bi Buti.

"Yupo. Huoni koti lake?"

"Koti naliona."

"Basi yupo."

"Anarudi saa ngapi?"

"Mama, atarudije na yupo?"

Akanitazama kama anayetazama mtu aliyeanguka kutoka mtini kwa kichwa. Kisha akaketi kwenye benchi la korido, magoti pamoja, buti mbele.

Mimi nikafuata utaratibu. Kila kinachowekwa mezani kwa Mkurugenzi lazima kigongwe muhuri, nami nikaugonga juu ya ile karatasi ya chupa. Mkono wangu una nguvu, ni wa kazi. Muhuri ulipita, karatasi ikatoboka. Nikauacha hapo mezani na chupa yake.

Kesho yake asubuhi chupa ilikuwa tupu. Nikaandika kwenye faili: "Mwombaji ameinuka kidogo."

Wiki tatu Bi Buti alikuja kila siku. Anatoka bondeni gizani, anafika saa mbili, anauliza, "Yupo?" nami namjibu, "Yupo." Benchi likaanza kuwa na umbo lake. Siku ya kumi mpwa wangu akalihamishia kwenye orodha ya watumishi kwa bahati mbaya.

Hatimaye Mkurugenzi akapiga simu.

"Katibu, nasikia kuna buibui huko?" Nyuma yake watu walikuwa wanacheka, na kuna aliyedumbukia kwenye maji.

"Uko wapi, mkuu?"

"Niko ofisini, we vipi? Koti hulioni?"

"Naliona, mkuu."

"Haya, sikiliza. Tukimkataa, wageni watapiga kelele. Mtambueni. Ila kwenye makazi msiandike bondeni. Andikeni makazi yake ni pale Kamati itakapomkuta siku ya ukaguzi. Si mnaye kwenye chupa? Basi tufunge chupa! Miaka saba! Hatua mia tatu za chupa!" Akacheka mpaka akakohoa.

Akili hiyo ndiyo iliyomfikisha pale alipo, popote alipokuwa. Mchana dereva wake akaja kuichukua fomu, jioni akairudisha imeshasainiwa, na kwenye sehemu ya makazi Mkurugenzi kaandika kwa mkono wake: "Pale Kamati itakapomkuta, na si kwingine kokote."

Nilimsomea Bi Buti pale pale kwenye benchi, nikamweleza na mpango wa chupa. Sikutegemea alichofanya. Alivua buti moja. Akalishika mapajani, akawa analigonga taratibu, tope kavu linadondoka sakafuni.

"Ishirini na mbili," akasema. "Miaka ishirini na mbili, Katibu, yaishie kwenye chupa ya jamu. Na chupa yenyewe ni yangu."

Nikaandika kwenye faili: "Chupa ni mali ya mlinzi."

Ukaguzi ulifanyika Ijumaa, tingatinga likiwa limeshafika, limeegeshwa uani kwetu kusubiri Jumatatu. Wakaguzi tulikuwa mimi na mpwa wangu. Bi Buti alikuwa shahidi. Tukaingia kwa Mkurugenzi. Nikatoa maelezo kwamba chupa ni tupu. Nikawa nazunguka meza ili nitafute chini ya kiti.

"Mjomba, usisogee!"

"Kati..."

"Usisogee, nimesema!"

Mguu wangu ulikuwa hewani. Mbele ya pua yangu, feni ilipopepea, kitu kiling'aa. Utando ulianzia kwenye kola ya koti, ukaenda mpaka kwenye mshikio wa droo, ukarudi juu ya meza ukaukumbatia muhuri, ukapanda hadi kwenye fremu ya picha ya Mkurugenzi akipanda mti. Katikati ametulia buibui mkubwa wa kutisha.

"Hiyo sanamu," akanong'ona Bi Buti. "Mwenyewe yuko pembeni."

Sanamu ilikuwa ya vipande vya karatasi, pini moja na nzi watatu. Kwa mujibu wa mpwa wangu, tumbo lilikuwa muhtasari wa kikao chetu kilichopita. Mwenyewe tulimkuta kwenye mfuko wa juu wa koti, kakumbatia kifuko cheupe cha mayai.

Mpwa wangu akapiga magoti. "Kifuko kama hiki kinataka siku kumi na tisa bila mtikisiko wowote. Hata mtu akiegemea tu, kinaanguka. Mjomba, hiki kiti hakijakaliwa."

"Hilo usiliandike."

"Fomu inauliza hali ya makazi."

Kweli, iliuliza. Tukaandika: "Makazi ni tulivu mno. Hayajaguswa na binadamu kwa siku zisizopungua kumi na tisa."

Bi Buti akaiomba fomu. Akaisoma kwa kidole, neno kwa neno. "Pale... Kamati... itakapomkuta."

"Na si kwingine kokote," mpwa wangu akamalizia.

"Na saini ni yake?"

"Ni yake," nikasema. "Naijua. Huwa naipiga mwenyewe akiwa ameinuka."

Bi Buti akakaza buti zote mbili, akasimama kandokando ya kiti, akaanza kuhesabu hatua. Hatua zake ni ndefu, ni za mtu wa msituni. Ya ishirini ikamaliza korido. Ya sitini ikameza masijala. Ya mia na arobaini ikapita uani, ikalizunguka tingatinga. Ya mia tatu ikaishia nje ya geti, na hapo akachomeka kijiti.

Kibali cha kukata miti kimo kwenye ile droo. Ufunguo wa tingatinga umo kwenye ile droo. Muhuri nao uko utandoni. Kwa mujibu wa Kanuni ya Saba, anayeruhusiwa kuingia ni mlinzi peke yake, na mlinzi mwenye uzoefu na buibui huyu nchi nzima ni mmoja. Aliingia mara moja tu, kutoa benchi. Akaliweka getini.

Jumatatu saa mbili na robo Mkurugenzi akaja. Watumishi wengi walikuwa hawajawahi kumwona. Tulikuwa tumesimama nje na mafaili yetu kifuani. Alikuwa na shati tu, na mfupi kuliko koti lake.

"Karibu, baba," akasema Bi Buti. "Una shida gani?"

"Shida? Hii ofisi yangu! Fungua!"

"Kuingia kunataka kibali."

"Nipe hicho kibali."

"Kinasainiwa na Mkurugenzi."

"Mama, mimi ndiye Mkurugenzi!"

Bi Buti akamkagua kuanzia kichwani mpaka viatuni. Halafu akageuka polepole, akanyoosha mkono kuelekea dirisha lililokuwa wazi kule mwisho. Feni ilikuwa inazunguka. Mabega ya kijivu yalionekana vizuri, yamenyooka kikazi.

"Hapana, baba. Mkurugenzi yupo ofisini. Huoni koti lake?"

Mkurugenzi akanigeukia mimi. "Katibu! Mwambie!"

Nimetumikia ofisi hii miaka thelathini. Sijawahi kwenda kinyume cha utaratibu, na sikuona sababu ya kuanzia pale.

"Yupo," nikasema. "Koti si lile?"

"Atatoka saa ngapi?" akauliza, sauti imepungua.

"Miaka saba si mingi," akasema Bi Buti, akasogea kidogo kumpa nafasi. "Keti, baba. Benchi limeshazoea."

Nafunga taarifa hii kwa kiambatisho cha mpwa wangu, ambaye pamoja na mafanikio yake bado anatuhesabia samani. Ripoti ya mwezi huu, tangu tulipoketi nje, ni fupi kuliko zote alizowahi kuandika: "Kiti, kimoja, hakijakaliwa. Benchi, moja, limekaliwa."