Wizi wa Tera Nne

Ofisi ya Kumbukumbu za Mifugo iliutangazia umma, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba tera nne za serikali zimeibwa.

Barua aliiandika mkuu wa ofisi mwenyewe, Mzee Cornel, tena kwa uchungu. Alikuwa ameagiza diski ya kompyuta yenye nafasi ya tera sita ili kila ng'ombe wa kuanzia Didia hadi Kishapu awe na faili na picha mbili, ya mbele na ya nyuma. Diski ikaja, ikachomekwa, kompyuta ikasoma tera mbili. Jamani, sita toa mbili ni ngapi? Na aliyeichomeka ni Paskalia, fundi wa ofisi. Mwizi hakuwa wa kutafutwa mbali.

"Shikamoo mkuu. Hazijaibwa," Paskalia alisema, machozi yakimlengalenga, maana barua ya kusimamishwa kazi alikuwa nayo mkononi. "Kompyuta hii ni ya zamani. Mazabodi yake, ile bodi ya ndani, inaishia kuhesabu tera mbili. Tukichomeka kwenye ile mpya, zote sita zitaonekana."

"Marahaba. Ile mpya iko matengenezo."

"Mwaka wa pili huu, mkuu?"

"Matengenezo ni mchakato."

Mzee Cornel hakuwa mtu wa kuonea watu. Aliunda kamati, akawa mwenyekiti, akaazimia: atakayekutwa na tera nne atoe dume la ng'ombe kwa sungusungu, walinzi wa jadi, na aache kazi siku hiyo hiyo. Akasaini. Kisha akawaita sungusungu wenyewe.

Kamanda Mageni alifika na vijana kumi, pinde begani, filimbi shingoni. Wakapekua kwa Paskalia hadi ndani ya debe la mchele. Patupu.

"Hiyo tera inafananaje, bhabha?" Mageni akamuuliza mkuu.

"Utaitambua ukiiona."

Mageni akamgeukia Paskalia. "Ng'wanawane, mwanangu, zinaonekana wapi?"

"Kwenye kompyuta mpya, baba."

Basi. Mageni alikuwa ametafuta ng'ombe walioibwa kwa miaka thelathini, na kazi hiyo huanzia pale mnyama alipoonekana mara ya mwisho. Akamuuliza Edward, dereva wa ofisi, kompyuta mpya aliipeleka kwa fundi gani. Edward akatazama viatu vyake, kisha akaanza kutembea. Msafara ukamfuata. Njiani Mzee Cornel akakumbuka ghafla kwamba ana kikao Isaka. Vijana wakamsihi asiwaache, yeye ndiye mwenyekiti.

"Karibuni!" Mke wa Mzee Cornel, Mama Hosiana, aliwafungulia mlango wa nyumba yao kwa furaha. Sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, kompyuta mpya ilikuwa inaonyesha katuni.

Paskalia akachomeka diski aliyokuja nayo. Sita!

Mageni akapuliza filimbi. Akalikunjua lile azimio, akalisoma kwa sauti, pole pole, mpaka kwenye saini. Halafu akachungulia zizini kupitia dirisha.

"Kazi umeshaacha, bhabha. Tumalizie la dume. Tuchukue lile jeusi au lile la madoa?"



"La madoa ndilo limenona," Mama Hosiana akajibu kwa ukarimu, na kwenda kuwaletea wageni maji ya kunywa.