Tufe Lenye Akiba ya Mshono

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Msiba. Tufe langu la bolingi, la kuangushia pini za mbao, limepasuka. Miaka tisa! Lilikuwa limechakaa, sawa, na lilikwenda upogo, lakini upogo wake tulikuwa tunaelewana. Nahodha wa timu, ambaye ndiye pia mtoboaji wa matufe pale ukumbini, kasema halikanyagi tena sakafu yake. Linachubua mbao. Na Jumamosi anachagua mchezaji wa nne! Nafasi tunaigombea wawili, mimi na shemeji yangu dobi, kaka wa mke wangu. Shemeji kanipa pole akicheka, kisha akasema la kuvunda halina ubani.

Jumanne, tarehe 5

Nimepata tufe jipya. Jeusi, zito. Nahodha alinishauri nichukue la kijani, jepesi, eti mkono uliozoea sindano usibebeshwe jiwe. Sikumsikiliza. Lile jeusi shemeji alikuwa akilimezea mate tangu mwezi uliopita, nami nimelichukua mbele ya macho yake. Raha iliyoje.

Jumatano, tarehe 6

Nahodha alitaka kunipima vidole ndipo atoboe mashimo. Fundi cherehani wa miaka ishirini, nipimwe na mtu? Nimejipima kwa utepe wangu mwenyewe. Nikaongeza akiba, kama tunavyoacha kwenye suruali, mwenyewe akinenepa ifunguliwe. Nahodha akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kazi yake kutoboa.

Alhamisi, tarehe 7

Mazoezi. Mashimo yanapwaya. Nilirudisha mkono nyuma kwa madaha, tufe likachomoka, likamwangukia shemeji mguuni. Wallahi si makusudi. Kidole gumba kimevimba, kiatu hakiingii. Nimempa pole. Nikapiga mluzi njia nzima kurudi nyumbani.

Ijumaa, tarehe 8

Kinachopwaya hupunguzwa. Nimetia bitana ya flaneli ndani ya mashimo na kuigandisha kwa gundi. Sasa yananikaa sawasawa. Nikatamba mezani kwamba nafasi ni yangu, mpinzani hana mguu. Mke wangu akauliza taratibu kama gundi imekauka. Huyu hajawahi kuniamini.

Jumamosi, tarehe 9

Haikukauka. Tufe lilikwenda, nami nikaenda nalo, kwa tumbo, juu ya sakafu iliyopakwa mafuta. Nikaangusha pini mbili. Nahodha kasema zilizoangushwa kwa kichwa hazihesabiwi. Vidole vilichomolewa kwa maji ya moto, nusu saa, watu wamenizunguka.

Kumbe shemeji alikwishamwomba dada yake acheze badala yake. Mke wangu! Na tufe la kuazima la ukumbini! Akaangusha pini zote mara tatu mfululizo, akachukua nafasi. Imeniuma, nisijidanganye. Nilijifungia chooni kidogo. Kisha nikatoka nikampa hongera. Akanifuta mafuta usoni kwa kanga yake, mbele ya wote. Hiyo nayo iliuma.

Jumapili, tarehe 10

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa langu. Akiba ilikuwa ndogo mno, bitana ikakosa pa kukaa. Hata hivyo mke wa fundi hawezi kuiwakilisha nyumba hii kwa tufe la kuazima. Basi alipojilaza mchana nikampima vidole kimyakimya, nikampelekea Nahodha vipimo, nikamwonya asimwambie kitu. Iwe zawadi. Akiba nimeongeza mara mbili. Bingwa huvimba kichwa, sembuse vidole.