Sikio Langu na Gari Jekundu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetukanwa mezani kwangu, na aliyenitukana anakula chakula changu! Shemeji, kaka wa mke wangu, mkufunzi wa udereva na bingwa wa kujisifu, amesema mimi siwezi kutofautisha injini ya gari na blenda. Watoto wakaangua kicheko. Mke wangu akainamia sahani yake, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Nikaapa kwamba gari la familia hii nitalichagua mwenyewe. Mke wangu akaweka masharti palepale. Nina hadi Jumamosi saa sita mchana. Nitakalochagua lazima likaguliwe na mama fundi wa magari wa kona ya shule. Akilikataa, atachagua Shemeji. Na Shemeji ameshachagua: gari refu la kijivu la mwenzake kazini, lenye mapazia madirishani. Mapazia! Mimi nataka dogo, jekundu, la kispoti, lililokatwa nyuma, lenye bawa juu ya kioo cha nyuma. Nina miaka arobaini na mitatu tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekumbuka mimi ni nani. Miaka kumi na minne niko idara ya maji, kazi yangu kutafuta mabomba yanayovuja chini ya ardhi. Nasimamisha fimbo ya chuma, naweka sikio juu yake, nasema chimbeni hapa. Wanachimba, wanakuta maji. Injini ni kitu gani mbele ya sikio hili? Nimefanya mazoezi kwenye friji. Mke wangu ameuliza friji inaumwa nini. Nimemwambia haiumwi.

Karani wetu, aliyewahi kuuza magari, kanipa siri: injini isikilizwe ikiwa baridi. Wauzaji wajanja huiwasha mapema ipate joto, ifiche maradhi yake. Kwa hiyo gusa boneti kwanza. Nimeiandika kwenye kiganja nisisahau.

Jumatano, 5 Machi

Nimelipata! Jekundu, bawa lipo. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mpole, anayefuta vumbi kwenye taa za gari kwa leso yake. Akawasha. Lo! Lilinguruma hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Nikaweka fimbo juu ya injini na sikio juu ya fimbo. Nguvu tupu! Sijawahi kusikia kitu chenye afya kiasi kile.

Kiganja nilikikumbuka baadaye. Boneti ilikuwa ya moto. Mwalimu akasema ametoka dukani sasa hivi. Hivyo ndivyo wanavyosema wote! Kesho namvizia alfajiri.

Alhamisi, 6 Machi

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nilikuwa nimechutama nyuma ya pipa la taka la Mwalimu. Nikanyoosha mkono. Boneti baridi kabisa! Ikabaki kungoja awashe. Mpango ulikuwa safi, ila sikufikiria habari ya magoti. Yalipokufa ganzi, mke wa Mwalimu akatoka na takataka, akanikuta, akapiga yowe la mwizi.

Nikajikaza kisabuni. Nikainua fimbo, nikasema idara ya maji, kuna bomba linavuja hapa. Yowe likakatika. Akataka nimwonyeshe lilipo. Nikazunguka ua mzima, sikio kwenye fimbo, jasho likinitiririka, Mwalimu naye kaja na pajama zake kushuhudia. Roho juu! Karibu na ukuta wa jikoni nikasikia shiii. Linavuja kweli! Mwalimu akanikumbatia. Anasema mwaka mzima ukuta ule unalowa na hakuna aliyejua kwa nini.

Kisha akanitazama vizuri, akauliza kama si mimi niliyekuja jana kuangalia gari. Nikasema ndiyo, idara yetu ina majukumu mengi. Akawasha gari ampeleke mkewe kazini. Ufunguo mara moja tu, likaitika! Moshi hamna. Mngurumo hadi madirisha ya mtaa yakafunguka. Nilitaka kulia kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemchukua mke wangu, tukalijaribu gari kwenye mlima wa hospitali. Limepanda kama halijui kuna mlima. Yeye kaziba sikio moja, akauliza mbona kelele zinatoka chini ya kiti chake wakati injini iko mbele. Nikamweleza kwamba nguvu zikizidi husambaa. Akasema cherehani yake ikianza kulia namna hiyo huwa kuna kitu kimeachia. Nikamwomba asifananishe gari la kispoti na cherehani. Mwalimu, aliyekaa kiti cha nyuma, alikuwa anatazama nje kwa makini sana.

Nimepanga ukaguzi kesho saa tatu, Shemeji akiwa kazini na wanafunzi wake. Hatajua lolote.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alifika saa tatu kasoro, na wanafunzi wake wawili. Anasema ni sehemu ya somo.

Mama fundi akaliwasha. Nikafumba macho, nikafurahia. Yeye akachukua kitambaa, akaziba mdomo wa ekzosi. Kelele ziliendelea vilevile! Akaingia chini ya gari. Akatoka na masizi puani, akasema kuna tundu katikati ya bomba la moshi, kidole gumba kinaingia. Mngurumo wote ule ni uvujaji.

Uvujaji! Shemeji alicheka hadi akakaa juu ya tairi. Alipopata pumzi akaniuliza, mbele ya wanafunzi wake, eti nimkumbushe mimi hufanya kazi gani. Masikio yalinichoma. Niliyaona mapazia ya lile gari la kijivu yakija. Nikamtazama mke wangu, nikamwambia samahani. Akanishika mkono, akasema fundi hajamaliza.

Hakuwa amemaliza! Akachomoa plagi, zote nne, kavu na safi. Akapima mgandamizo wa kila silinda: sawasawa zote. Akaitazama oili, akainusa. Kisha akasema mwaka huu hajashika injini nzima kama hii, na kwamba tundu ni kazi ya robo saa kuchomelea. Limepita! Niliruka, nikamkumbatia mama fundi, nikachafuka shati. Mwalimu, aliyelileta gari, akasema gharama ya kuchomelea ni yake, kwa ajili ya ukuta wa jikoni. Shemeji akarudi kazini shingo upande.

Baada ya kuchomelea nikaingia, nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena. Meno ya stata yakasagana, fundi akapiga kelele kwamba injini tayari inawaka. Mimi ningejuaje?

Jumapili, 9 Machi

Siku njema kuliko zote! Tumekwenda kumchukua mama mkwe na gari jekundu. Alilala njia nzima, akaamka akanibariki, akasema gari limetulia kama kitanda. Shemeji aliomba alizungushe mtaani mara moja tu. Alilizungusha mara nne. Aliporudi akanirudishia ufunguo kwa mikono miwili. Nimemweleza kila mtu kwamba uzima wa injini ile niliusikia tangu Jumatano, kwa sikio hili hili. Mke wangu amenitazama sana, kisha akacheka, akaniegemea. Nina furaha, nakiri.

Ila kuna kitu kimepungua. Tumepita mtaa mzima na hakuna aliyegeuza shingo. Hata kuku hawakusogea! Nimeingia chini ya gari jioni hii na tochi. Fundi amechomelea vizuri mno. Tundu la kidole gumba, nakubali, lilizidi. La kidole cha mwisho je? Nani atajua? Keekee ya ofisini, ile ya kutobolea mabomba, imo kwenye mkoba wangu wa kazi. Kesho saa kumi na mbili kasoro asubuhi, injini ikiwa bado baridi.