Mbegu Katika Pipa la Otylia

Jumanne, 4 Juni
Harusi ya Otylia ni Jumamosi. Baba yake, Walenty, kaka wa mke wangu, mchinja nguruwe, amenipa heshima ya kuonja wa kwanza na kusifu mbele ya wageni ile vodka aliyoifukia chini ya mplamu, mti wa matunda uani kwake, siku Otylia alipozaliwa. Vodka ya rai, nafaka ya mkate wetu mweusi, ndani ya pipa dogo la mwaloni. Ludomir, mpiga kinanda wa kanisani, kanuna. Eti mimi siwezi kutofautisha vodka na mafuta ya taa. Mshenzi! Ila kweli siwezi.

Jumatano, 5 Juni
Mpango! Nionje mapema, niandae maneno. Wote wameenda kupamba kanisa. Nikachimba, nikabandua nta, nikazibua. Mungu wangu! Harufu ya ganda la mkate unaotoka tanurini, kisha asali, kisha moto mpole kooni. Nililia. Nikaonja tena, kuhakikisha. Lango likalia. Nikaruka! Pipa likapinduka. Ardhi ikanywa yote.
Alikuwa mbwa tu.

Alhamisi, 6 Juni
Sijalala. Naviona visu vya Walenty kila nikifumba macho. Nimejaza pipa vodka ya dukani, na chai ya jana ya mke wangu, ile ya limau, ili ipate rangi. Rangi ileile! Nta nimepata kwenye mshumaa, nikalifukia tena. Halina, mke wangu, akauliza chai yote imekwenda wapi. Nikasema nilikuwa na kiu. Akanitazama mno.

Ijumaa, 7 Juni
Walenty kafukua pipa. Kalibusu! Akaniambia, machozi yakimtoka, “Shemeji, rai hii aliivuna marehemu baba. Haipatikani tena.” Ludomir akaomba anuse. Nikamfukuza. Nikamwambia ni mkosi.

Jumamosi, 8 Juni
Nilisifu kumshinda padri. Ganda la mkate! Asali! Wageni wakaguna kwa raha. Ludomir mwenyewe akafuta chozi, akaapa hajawahi kuonja kitu kama hicho. Nikaanza kupumua.
Kisha bibi harusi akatoa kitu mdomoni. Mbegu ya limau.
Halina akageuka polepole. “Ehe, Zenobi. Kumbe ulikuwa na kiu?”
Walenty akavua koti. Nikatoroka kwa dirisha la jikoni.

Jumapili, 9 Juni
Walenty kanikuta banda la kuku. Nikafunika uso. Hakunipiga. Kaketi kwenye majani, akasema katika dunia nzima ni mimi peke yangu niliyeonja vodka ya baba yake. Akaniomba nimweleze ilikuwaje. Nikaeleza. Ganda la mkate, asali, moto mpole. Akalia. Akataka nirudie. Nikarudia, nikalia naye, na sikuwa nadanganya.
Akajifuta, akasema mtoto wa Otylia akizaliwa atafukia pipa jingine, na nikionekana hata karibu na mplamu, ananichuna ngozi. Nikaapa kwa Bikira Maria.
Safari hiyo nitachuja chai.