Mchakato Uko Upande Gani

Ujenzi wa hosteli ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza umefikia asilimia sabini na nane, alisema jana asubuhi Naibu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia Ustawi, Makazi na Mageuzi. Alikuwa akiwakaribisha wanafunzi wapya mia sita na kumi na wawili katika hema lililosimamishwa kwenye maegesho ya magari. Usajili unafungwa Ijumaa saa kumi alasiri. Fomu isiyo na namba ya chumba haipokelewi, na anayekosa kusajiliwa nafasi yake hupewa aliye kwenye orodha ya akiba. Hadi jana asubuhi hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa na namba hiyo. Hotuba ya Naibu Mkuu ni hii, yote, kama ilivyorekodiwa.

*

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, mlezi wangu na mpenda maendeleo, ambaye leo anawakilishwa na mimi, mimi mwenyewe, kwa heshima ya uwakilishi huo, Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Makaimu Wakuu wa Idara, na wale wanaowakaimia Makaimu, Ndugu Mrajisi, Kamati ya Maandalizi, Kamati Ndogo ya Maandalizi, na Kamati ya Viti, ambayo naambiwa bado inavitafuta, wazazi na walezi, na, kwa kuwa karatasi bado ina nafasi, wanafunzi wapya: itifaki imezingatiwa. (Makofi mstari wa mbele. Mistari ya nyuma imesimama.)

Nimekuja na nasaha. Mimi ninayesimama hapa ninaujua mwaka wa kwanza kuliko mtu yeyote katika chuo hiki, kwa sababu niliusoma mara mbili. (Kicheko. Naibu Mkuu anaitazama karatasi yake, kisha anaendelea.)

Nasaha ya kwanza ni kulala. Utafiti wetu wa ndani, uliofanyika ndani, unaonyesha kuwa asilimia tisini na moja ya wanafunzi waliofeli waliwahi kusinzia. Mwanafunzi mwenye dira, mwenye maono, mwenye kujitambua na anayekwenda na kasi ya mageuzi ya makazi ninayoyasimamia, huingia chumbani kwake mapema, hukunja nguo zake akaziweka kabatini mwake, hufunga mlango wake kwa ufunguo wake, akalala kitandani mwake. Sijui kwa nini vijana mnaona jambo hili gumu.

Nasaha ya pili: elewaneni na wenzenu wa chumba. Mkigombea swichi ya taa msikimbilie ofisini kwangu. Kaeni kitandani mzungumze, maana vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Na hapa naomba mnisikilize kwa makini wanahabari. Tangu nizindue mradi wa hosteli mpya, miaka mitatu iliyopita, ofisi yangu haijapokea lalamiko hata moja la kunguni katika hosteli hiyo. Bomba kuvuja, sifuri. Mlango kukwama, sifuri. Wizi, sifuri. Nitajieni chuo kingine chenye takwimu kama hizo. (Makofi mstari wa mbele.)

Nasaha ya tatu, msiogope kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Chuo si shule ya kukaririshwa, chuo ni mahali pa kuuliza, na mimi mlango wangu uko wazi kwa kila mwenye miadi. (Nyuma ya hema mama mmoja, fundi cherehani, ananyoosha mkono. Miguuni pake kuna godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Pembeni yake yupo binti yake, aliyechaguliwa kusomea upimaji ardhi.) Mama, maswali ni mwishoni. (Mama anaanza kusema: "Samahani mheshimiwa, mimi sina swali, natafuta njia. Pale dirishani karani katuambia hosteli iko kwenye mchakato. Tumezunguka na hili godoro tangu saa moja, tumefika mpaka jikoni, hatujauona. Huo mchakato uko upande gani?" Kicheko kirefu. Binti anamvuta kitenge: "Mama, kaa." Mama: "Nikae wapi?")

Msicheke. Hilo ni swali la kimkakati. Mama yangu, mchakato hauna upande. Mchakato ni safari. Huanza na wazo, ambalo lilikuwa langu. Likaja andiko, ikaja semina ya kuboresha andiko, kikaja kikao cha kuboresha semina, zikaja warsha za wadau, wale ambao sisi wataalamu tunawaita mastekiholda, ndipo zikaja ziara za mafunzo, ambapo mimi binafsi nimelala katika hosteli za nchi kumi na moja ili ninyi mlale katika moja. (Makofi mstari wa mbele. Mama: "Kwa hiyo ni mbali?") Si mbali. Tumeshafika asilimia sabini na nane. (Mama: "Basi Mwenyezi akubariki, tuonyeshe hiyo sabini na nane. Hiyo iliyobaki tutaivumilia. Huyu halali chumba kizima, kona inamtosha.")

Naona binti naye ana neno. Sema, mwanangu. (Binti anakunjua ramani iliyokuwa kwenye bahasha ya kuwakaribisha wanafunzi: "Shikamoo mheshimiwa. Hapa hosteli imechorwa mita arobaini kutoka kwenye tangi la maji. Nimepima kwa hatua mara tatu. Ni hapahapa tulipo.")

Mpigieni makofi. (Hakuna anayepiga.) Huyu hajaingia darasani na elimu imeshaanza kumfanyia kazi. Ni kweli kabisa, wapendwa, na nilitaka iwe zawadi ya mwisho ya hotuba, lakini sasa mmeshaifungua. Muda wote huu mmekuwa ndani ya hosteli. Hapa mlipo ni sebule. Wale walioegemea nguzo wako kwenye ngazi, waangalie wasidondoke. Na wewe dereva wangu, pale kwenye gari jeupe, kwa mujibu wa ramani uko bafuni. Sogea kidogo, kuna akina mama. (Kicheko. Dereva hasogei. Binti: "Na fomu yangu, mheshimiwa? Ijumaa ndiyo mwisho. Nikikosa namba ya chumba, nafasi yangu anapewa mwingine.")

Hapo sasa tunatatua changamoto papo kwa papo, ndiyo maana ya uongozi. Ndugu karani wa usajili, fomu yake ina tatizo gani? (Karani, akiwa amesimama: "Haina namba ya chumba. Kompyuta haipokei pakiwa patupu.") Kompyuta inataka nini? (Karani: "Jina la jengo na namba.") Jengo lolote? (Karani: "Kompyuta haitoki nje kwenda kuangalia, mheshimiwa.") Basi natoa tamko. Kuanzia sasa kila mwanafunzi ataandika jina la jengo Mchakato, na namba yake ya foleni. Binti huyu ndiye wa kwanza: Mchakato Namba Moja. Gonga muhuri nikiona. (Muhuri unagongwa. Makofi makubwa, safari hii kutoka nyuma. Mama anaishika fomu, anaigeuza upande wa pili: "Kumbe ulikuwa humu.")

Wakati muhuri unakauka, naomba godoro lile lije mbele. Wapiga picha, sogeeni. Lifungueni, lilazeni hapa mbele ya jukwaa, nami nitakaa pembeni kidogo hivi, kama mzazi. Mkuu wa Chuo aliniambia nisirudi bila picha ya hosteli. (Godoro linaletwa. Mama: "Litarudi?") Mama, mali ya mradi hairudi nyuma, husonga mbele.

Sasa tuamke kidogo, naona wengine mnasinzia, na takwimu mmeshazisikia. Nikisema "Mchakato", mnaitika "Unaendelea". Mchakato. (Unaendelea.) Mchakato. (Unaendelea.) Chumba. (Kimya.) Nilisema mchakato tu, hamjakosea. Kauli mbiu yetu mwaka huu ni "Lala Chuoni, Amka Kileleni". Imeshachapwa kwenye fulana. Fulana ziko kwenye mchakato.

Namalizia kwa shukrani, kwani mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Namshukuru mchora ramani, kijana wa kipaji, aliyeichora hosteli hii mpaka mapazia bila kutusumbua kumpeleka kwenye eneo. Nawashukuru wenye magari, ambao kwa miaka mitatu wameegesha sebuleni bila kuvunja kitu. Namshukuru mkandarasi, ambaye siku tukiamua kumtafuta nina hakika tutampata. Kwa namna ya pekee nawashukuru wadau wa warsha, maana ile asilimia sabini na nane ni jasho lao: warsha zilizopangwa ni hamsini, na tumekamilisha thelathini na tisa. Zilizobaki kumi na moja zikiisha, tutakaa kama familia tujadili iwapo hosteli inahitajika. Namshukuru na mama huyu. Hadi jana hosteli yetu haikuwa na kitu ndani yake. Leo ina godoro.

Tangazo dogo nimesogezewa na Ndugu Mrajisi. Jumatatu saa mbili asubuhi Kamati ya Ukaguzi wa Makazi itapita chumba kwa chumba, kwa mpangilio wa namba. Mwanafunzi asiyekutwa chumbani mwake, pamoja na godoro lake, usajili wake utafutwa siku hiyohiyo. Nawatakia masomo mema. Ahsanteni kwa kunisikiliza. (Makofi mstari wa mbele.)

*

Karani aliulizwa na gazeti hili kama ukaguzi utawahusu waliosajiliwa chini ya jina Mchakato. Alisema utaanza na wao, kwa kuwa hakuna waliosajiliwa chini ya jina lingine.

Watu walipotawanyika, binti alihesabu hatua kutoka kwenye tangi la maji, akachora kwa chaki mstatili wa mita tatu kwa nne na kuacha nafasi ya mlango. Mstatili uliangukia mahali lilipokuwa gari jeupe. Godoro lilikuwa limeshapakiwa humo. Mama alifungua mlango wa nyuma akalishusha.

"Mama, hilo ni la mradi," dereva alisema.

"Mradi ukilitaka uje kubisha hodi. Mchakato Namba Moja, mlango ule pale wa chaki. Na wewe Jumatatu usiegeshe hapa, mwanangu anaishi."

Dereva alisema hapo ni nafasi ya Naibu Mkuu, na kwamba huwa wanafika saa moja na nusu. Mama alisema wao watafika saa kumi na mbili. Kamati inapita saa mbili.